Kujifunza ni Kazi ya Kila Siku ya Mjasiriamali

Hotuba hii niliitoa mbele ya wajasiriamali wadogo waliokutana jijini Tanga. Ninaiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, mama zangu, baba zangu, kaka na dada zangu wajasiriamali: Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa kufunga maduka, vibanda na magenge yenu ili mje kusikiliza. Ninajua kwamba saa mbili za mfanyabiashara si kitu kidogo, kwa kuwa wakati huu kuna mteja aliyekuta mlango umefungwa akaenda kwa jirani. Kwa sababu hiyo nitazungumzia jambo moja tu, nalo ni hili: kujifunza ni sehemu ya kazi ya biashara, sawasawa na kununua mali na kuiuza, na mtu anayeacha kujifunza mara tu duka linaposimama ameacha nusu ya kazi yake.

Tuko Tanga, na hapa Tanga mtu hawezi kuzungumzia biashara akauruka mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo yalipatikana mashamba ambayo, kufikia katikati ya miaka ya 1960, yaliifanya nchi yetu kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge kuliko wote duniani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka. Reli, bandari na mitaa mingi ya mji huu ilipata uhai kutokana na zao hilo, na wazee wengi waliomo humu ukumbini walisomeshwa kwa mshahara wa shambani.

Kisha zikaja kamba za nailoni na za plastiki, zinazotokana na mafuta ya petroli. Zilikuwa nyepesi, hazikuoza, na bei yake iliendelea kushuka. Zilikuwapo sababu nyingine pia, zikiwamo namna mashamba yalivyoendeshwa baada ya kutaifishwa kuanzia mwaka 1967, nami sitaki kuifanya historia ionekane nyepesi kuliko ilivyokuwa. Hata hivyo, kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 30,000. Ndugu zangu, udongo wa Tanga ulikuwa umebadilika? Haukubadilika. Jani la mkonge lilikuwa limepungua ubora? Halikupungua. Kilichobadilika ni mnunuzi, na aliyejua vizuri kulima, kukata na kusinga mkonge alijikuta na ujuzi kamili ambao soko halikuuhitaji tena kwa wingi uleule.

Lakini kuna sehemu ya historia hii ambayo haisimuliwi mara nyingi. Katika jani zima la mkonge, nyuzi ni sehemu ndogo mno, yapata asilimia 4 tu ya uzito wake. Kwa miongo mingi sehemu iliyobaki, yaani maji na makapi, ilitupwa, na mara nyingi iliishia mitoni. Katika miaka ya 2000, kule Hale, ulijengwa mtambo wa kuyachachusha makapi hayo mahali pasipo na hewa ili yatoe gesi, na gesi hiyo ikaendesha jenereta ya umeme. Jani lilikuwa lilelile lililokatwa na babu zetu. Sasa naomba tujiulize, na swali hili nitalirudia leo: watu hawa walijua nini ambacho jana hawakukijua?

Mnaouza machungwa ya Muheza mnajua vizuri kwamba msimu unapokolea chungwa hukosa bei, na mengine huozea barabarani. Ni wangapi kati yenu mnaojua maji ya chungwa hupashwa joto kiasi gani, na kwa muda gani, ili yakae wiki kadhaa bila kuchacha na bila kupoteza ladha? Sioni mikono mingi. Basi pengo kati ya chungwa linalooza na chupa inayouzwa Dar es Salaam halianzi kwenye mtaji. Linaanza kwenye jibu la swali hilo, kwa sababu hata ukipewa mkopo leo, mkopo hautakuambia nyuzi joto zinazotakiwa.

Nivuke bahari kidogo niende Unguja, kwani huko kuna somo ambalo ningependa tukae nalo kwa muda.

Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani. Mbegu hufungwa kwenye kamba, kamba hufungwa kwenye vigingi, na maji yakipwa wakulima huingia pwani kuhudumia mashamba yao. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, hukaushwa juani, hupakiwa kwenye magunia na kuuzwa kwa makampuni yanayousafirisha nje, ambako hutolewa karajinani, kitu kinachofanya dawa ya meno na aiskrimu ziwe nzito. Sehemu kubwa ya wakulima hao ni wanawake. Wengi wao walipata kwa mara ya kwanza fedha iliyokuwa mkononi mwao wenyewe, na kwa fedha hiyo walinunua sare za shule, walijenga nyumba, na wakasema neno likasikika ndani ya familia.

Mwani uliolimwa ulikuwa wa aina mbili: spinosamu, ambao bei yake ni ndogo, na kotonii, ambao bei yake ni kubwa zaidi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, kotonii ilianza kufa. Maji ya kina kifupi yalikuwa yanapata joto, maradhi yakaingia, matawi yakageuka meupe na kukatika. Aina yenye bei ikapotea katika maeneo mengi, ikabaki ile ya bei ndogo. Tafakarini hali ya mama huyo: anafanya kazi ileile, katika jua lilelile, mgongo ukiuma vilevile, na kipato chake kinapungua kwa sababu ya joto la bahari ambalo yeye hakulisababisha na hawezi kuliondoa.

Angefanya nini? Angeweza kuongeza saa za kazi, na wapo walioongeza. Angeweza kuacha kabisa, na wapo walioacha. Lakini wengine walijifunza, na walijifunza mambo mawili tofauti.

La kwanza lilikuwa kuuelewa mwani wenyewe. Kuanzia mwaka 2006, wakishirikiana na watafiti, akiwamo Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanawake wa vijiji kama Kidoti walianza kusaga mwani mkavu kuwa unga na kuutia katika sabuni pamoja na mafuta ya nazi, karafuu na mdalasini. Nawaomba msilipokee jambo hili kwa wepesi. Kutengeneza sabuni kunataka kupima kostiki soda kwa mizani, kwa kuwa ikizidi sabuni huunguza ngozi, na ikipungua haishiki. Kunataka glavu, kunataka kujua kipi kinatangulia kuchanganywa, kunataka subira ya wiki kadhaa kabla ya kipande kufaa kuuzwa. Baada ya hapo kuna lebo, kuna vipimo vya ubora, kuna kujua mtalii wa hotelini hutafuta nini na mama wa Darajani hutafuta nini, maana watu hao wawili hawanunui sabuni moja kwa sababu moja. Mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkulima bingwa alilazimika kukubali kuwa mwanafunzi wa kemia, wa vifungashio na wa masoko, tena mbele ya wanawe.

La pili lilikuwa kuijua bahari upya. Ikiwa kotonii inakufa katika maji ya kina kifupi yenye joto, je, haiwezi kuishi kwenye kina kirefu, ambako maji ni ya baridi zaidi? Majaribio yalifanywa kwa kutumia nyavu za mfano wa bomba, ambamo mbegu hutiwa ndani ili mawimbi yasizing’oe. Lakini kina kirefu kinataka chombo, na kinataka mtu anayejua kuogelea, na wengi wa wanawake hao walikuwa wameishi maisha yao yote kando ya bahari bila kufundishwa kuogelea. Wapo waliojifunza wakiwa watu wazima, wakiwa mama, wengine wakiwa bibi. Mimi huwatajia wanafunzi wangu wanawake hao kila ninapoambiwa kwamba mtu mzima hafundishiki.

Walijua nini ambacho jana hawakukijua? Walijua kupima, walijua kuchanganya, walijua kuogelea. Gunia moja la mwani likapata njia zaidi ya moja ya kuwa fedha. Sisemi kwamba wote wamefanikiwa. Mashine za kusagia ni chache, soko la sabuni lina ushindani, na bei ya mwani mbichi bado ni malalamiko ya kila kikundi. Ninachosema ni kwamba waliojifunza walipata pa kuchagua, na waliobaki na ujuzi wa mwaka 1989 walibaki na mnunuzi mmoja na bei moja.

Nije sasa kwenye namna nyingine ya kujifunza, ambayo haihitaji darasa wala mkufunzi. Ninazungumzia kujifunza kutoka kwa mteja.

Kila mmoja wetu humu anatumia simu kutuma na kupokea fedha. Je, mnajua kwamba M-Pesa haikubuniwa kwanza kwa ajili hiyo? Mwaka 2005, nchini Kenya, wataalamu wa Vodafone na Safaricom waliifanyia majaribio huduma iliyokusudiwa kuwasaidia wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Wateja wapatao 500 walishiriki. Nia ilikuwa mikopo, na mfumo ulijengwa kwa ajili ya mikopo.

Wateja wakautumia kwa mambo yao. Mmoja alimlipia mwenzake. Mwingine, anayetaka kusafiri, aliweka fedha mjini akazitoa alikofika, ili asitembee na noti mfukoni. Wafanyabiashara waliutumia kuhifadhi mauzo ya siku hadi asubuhi. Mambo hayo hayakuwamo katika mpango. Msimamizi mwenye kiburi angeweza kusema kwamba wateja wanatumia huduma vibaya, akaandaa semina ya kuwarekebisha. Hawa hawakufanya hivyo. Walitazama, wakauliza, wakaandika, na Machi 2007 huduma ilipozinduliwa rasmi haikutangazwa tena kama huduma ya kulipia mikopo. Ilitangazwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani.

Mwaka uliofuata huduma hiyo ililetwa Tanzania kupitia Vodacom, na hapa mwanzo wake ulikuwa wa polepole kuliko Kenya. Kwa nini? Kwa sababu Tanzania si Kenya. Nchi ni pana, watu wametawanyika, na namna ya kuwapata na kuwasimamia mawakala iliyofaa kule haikutosha hapa, ikabidi itafutwe nyingine. Makampuni makubwa, yenye wahandisi na fedha nyingi, yalijifunza kutoka kwa mkopaji mdogo, kisha yakalazimika kujifunza tena yalipovuka mpaka. Walijua nini ambacho jana hawakukijua? Walijua jinsi mteja anavyoishi.

Wewe mwenye duka la vipodozi, mteja anapouliza bidhaa usiyokuwa nayo, unafanya nini baada ya kumjibu “hakuna”? Unaandika mahali popote? Mwisho wa mwezi, unaweza kunionyesha vitu kumi vilivyoulizwa zaidi na kukosekana? Wewe fundi cherehani, nguo ikirudishwa kwa sababu bega limebana, unaitengeneza tu na kuirudisha, au unajiuliza ni mara ya ngapi bega hilohilo linarudi? Kila siku wateja wanatufundisha bila ada, na kila siku tunaacha somo lao lipotee kwa kukosa daftari la shilingi elfu moja.

Nimelitaja daftari, basi tuzungumze hesabu, kwa sababu hapa ndipo ninapoona machozi mengi yasiyo ya lazima. Chukueni mfano wa mama anayeuza maandazi. Anakaanga 100, anauza moja kwa shilingi 200, kwa hiyo anatarajia shilingi 20,000. Unga, sukari, mafuta na hamira vimemgharimu 15,000. Ukimuuliza faida, atakuambia 5,000, na atakuambia kwa uhakika. Sasa tuendelee pamoja naye. Mkaa ni 2,000. Usafiri ni 1,000. Mifuko ni 500. Katika ile 5,000 imebaki 1,500. Asubuhi, kabla hajatoka, watoto na wageni wamekula maandazi 10, ambayo ni shilingi 2,000 ambazo hazikuingia. Ndugu zangu, mama huyu ameamka saa kumi usiku, amesimama mbele ya moto, amepita mtaa kwa mtaa, na amepata hasara ya shilingi 500, huku akiamini kwamba ana faida. Kesho ataongeza bidii. Bidii itamwongezea nini, ikiwa kila sahani inampunguzia?

Hakosi bidii mama huyu, na ninaomba mtu yeyote asimwambie kwamba ni mvivu. Anakosa ujuzi mdogo ambao hujifunzwa kwa majuma machache. Akiupata, ataamua kupandisha bei, au kupunguza ukubwa, au kununua unga kwa jumla pamoja na wenzake, au kuacha maandazi na kupika kitu kingine. Uamuzi ni wake, lakini sasa ataamua akiwa anaona.

Hata hivyo, ningewadanganya kama ningesema kwamba kila mafunzo yanafaa. Nchini Togo, katika jiji la Lomé, watafiti waliwafuatilia wafanyabiashara wadogo 1,500 kwa zaidi ya miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kundi moja halikupewa mafunzo. Kundi la pili lilipewa mafunzo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, fedha. Kundi la tatu lilipewa mafunzo ya kujituma, yaani kuanza jambo bila kusubiri kuambiwa, kutazama mbele na kujiandaa kwa fursa na vikwazo, na kutokata tamaa njia ya kwanza inapofungwa. Faida za kundi la tatu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 30 zikilinganishwa na za wale wasiofunzwa. Za kundi la pili ziliongezeka kwa asilimia 11, kiasi ambacho kitakwimu watafiti hawakuweza kukitenganisha na bahati.

Mimi ni mkufunzi wa elimu ya watu wazima, na takwimu hizo hunifanya niwe na tahadhari na kazi yangu mwenyewe. Siachi kufundisha hesabu, maana mfano wa maandazi ni wa kweli kila siku. Lakini ninawasihi msikusanye vyeti vya semina. Nimekutana na watu wenye mafaili yaliyojaa vyeti, na biashara zao ziko palepale, kwa sababu walihudhuria, wakala chakula cha mchana, wakarudi wakafanya walivyokuwa wakifanya. Kipimo cha mafunzo ni kimoja: Jumatatu utafanya nini tofauti? Ukikosa jibu, hukujifunza, hata kama ulipigwa picha na mgeni rasmi.

Najua kuna sauti ndani ya ukumbi huu inayosema: mimi nimezeeka, mimi sina muda, mimi sina fedha. Sauti hiyo inastahili jibu la heshima.

Kuhusu umri, tuwakumbuke wazazi wetu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu waliotoka shambani na jembe begani walikaa chini ya miembe, kwenye madarasa ya shule za msingi, na hata kwenye nyumba za majirani, wakajifunza kusoma kwa taa ya chemli. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vilivyosikiliza redio, vikajadili, kisha vikaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Hawakusikiliza wakanyamaza. Walisikiliza wakatenda, na hiyo ndiyo elimu ninayoizungumzia. Kama bibi aliyekuwa na miaka 50 aliweza kushika kalamu kwa mara ya kwanza, nani humu mwenye simu ya kugusa mfukoni anaweza kusema muda wake umepita?

Kuhusu muda na fedha, nasema hivi: tunalipa pango, tunalipa ushuru, tunatenga nauli. Kujifunza nako kutengewe. Saa mbili kwa juma, na kiasi chochote kidogo kila mwezi, kwa jina lake, kisiguswe. Isitoshe, mengi hayadai fedha nyingi. Ofisi ya SIDO ipo hapa mkoani, na shirika hilo limekuwa likiwahudumia wenye viwanda vidogo tangu mwaka 1973. Anayesindika chakula au kutengeneza sabuni na anataka alama ya ubora ya TBS, aanzie huko kupata barua ya utambulisho na ushauri. VETA wana kozi fupi za ufundi zisizomlazimu mtu kuacha kazi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo kwa ajili ya aliyekatiza shule na anataka kurudi. Tena tuna walimu humu ndani: yupo anayejua kukausha dagaa kwenye vichanja ili wasiingie mchanga, yupo anayejua kuagiza vitambaa Kariakoo bila kusafiri, yupo anayejua kujaza ritani ya kodi bila kumlipa mtu. Kila kikundi cha kuweka na kukopa kikitenga nusu saa katika kila mkutano, mwanachama mmoja akawafundisha wenzake jambo moja analolijua vizuri, mwisho wa mwaka mtakuwa mmegawana kitu ambacho hakuna mdaiwa atakayetoroka nacho.

Ninalo ombi la mwisho, Ndugu Mwenyekiti. Darasa la kuweka hesabu za biashara litaanza Jumamosi ijayo hapahapa, saa tisa alasiri, na halina ada. Kila atakayekuja aje na daftari, kalamu na kumbukumbu za manunuzi na mauzo yake ya juma zima, pamoja na mkaa, nauli, na vyote vilivyoliwa nyumbani. Asiye na risiti aandike kwa mkono kuanzia kesho asubuhi. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake wa shule, tutaanza nao wote wawili. Katibu yuko mlangoni anaandika majina, na ningependa kila mama wa maandazi aliyemo humu aandikwe kwanza.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.